Kabla ya kwenda kupima ranchi za Elementaita

Ukipewa kazi ya kuchora ramani ya miinuko kwenye ranchi kavu za Gilgil na Elementaita, Kenya, jambo la kwanza ni kusoma maandishi madogo yaliyo pembezoni mwa ramani ya zamani. Karatasi za ramani za serikali za kipimio cha 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, ilhali jipiesi na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizihamisha namba bila kubadilisha mfumo, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini ya unapotaka. Mimi nilizunguka nusu siku kwenye vichaka vya leleshwa nikitafuta bikoni, yaani alama ya wapima ardhi, mpaka mchungaji mmoja akaniita: "Kijana, ni lile jiwe la mpaka? Liko kule nyuma. Ng'ombe hujikunia hapo." Kweli lilikuwepo, limeng'aa upande mmoja kwa kukunwa.

Wanaotoka Kisumu wana mtego wao. Kanda ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita, hubadilika kwenye longitudo ya 36° mashariki, na mstari huo unapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Kwenu ni kanda ya 36, huku ni ya 37. Badilisha kwenye kifaa ukiwa bado nyumbani.

Halafu makorongo. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano, mvua kubwa moja inaukata kama kisu. Kontua, ile mistari ya miinuko kwenye ramani, zikiachana mita 20 za kimo, korongo la mita nane linaweza kujificha katikati yake lisionekane kabisa, na ndilo litakalomeza ndama au kukulazimisha kuzunguka na gari. Muulize mwenye mifugo yalipo, uyaweke kwenye mchoro wako wa awali. Ufuo wa ziwa nao usiuamini: maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, na ramani haina habari hiyo.

Upimaji wa kulenga mbali uufanye asubuhi. Ikifika saa sita joto hufanya fimbo ya kupimia ichezecheze ndani ya darubini. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, kiombe mapema. Maji chukua mengi kuliko unavyodhani.

Nyati wapo, kwa hiyo usiingie kichakani bila mtu wa ranchi. Funguo za mageti ziombe siku moja kabla, maana mwenye nazo huondoka na mifugo alfajiri.