Mgonjwa wa sukari akianza kukohoa, fanya hivi

Kama kwenu kuna mtu wa sukari na amekohoa wiki mbili, wacha kumnunulia dawa ya kikohozi pale chemisti, mpeleke apimwe TB. Mtu mwenye kisukari ana hatari ya kupata TB mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho, maana sukari ikikaa juu kinga ya mwili inalegea. Sisi tulichelewa na mama, alikuwa anakonda na kuchoka tukasema tu ni sukari imepanda, kumbe.

Kwa hospitali ya serikali ulizia kipimo cha makohozi cha GeneXpert. Makohozi yatoke ndani ya kifua, sio mate. TB ikipatikana dawa ni bure, na TB ya kawaida hutibiwa miezi 6.

Na kama ni TB ndio imeanza kujulikana, omba apimwe sukari hapo hapo, usingoje uambiwe. Akipimwa kabla ya kula chochote na isome 7 mmol/L au zaidi, hiyo iko juu. Lakini TB yenyewe inaweza kupandisha sukari kwa muda, kwa hivyo arudie kipimo akiendelea na matibabu, asije akaitwa mgonjwa wa sukari maisha yake yote na sio.

Sasa hapa shikeni sana. Kliniki ya TB ni mlango mmoja, ya sukari ni mwingine, na mara nyingi huyu hajui yule amempa nini, kwa hivyo wewe ndio utabeba habari. Weka dawa zote na kadi zote kwa mfuko mmoja, kila mlango mwaga kila kitu mezani. Rifampicin ya TB hupunguza nguvu ya tembe kadhaa za sukari, kama glibenclamide, so sukari inaweza kupanda na mtu anameza vizuri kabisa, daktari ndiye abadilishe, msijiongezee tembe nyumbani. Mkojo ukitoka rangi ya machungwa msishtuke, ni hiyo hiyo Rifampicin. Isoniazid, dawa nyingine ya TB, nayo inaweza kuleta ganzi miguuni na sukari pia huleta ganzi, ulizeni kama amepewa vitamini B6.

Wageni wakija na soda na glukosi ati mgonjwa apate nguvu, waambieni kwa upole walete mayai, ndengu, maharagwe, omena. Na watoto wa hapo nyumbani pia wapelekwe wapimwe TB, hata kama hawakohoi.