Namna ya Kumsoma Yehuda Halevi kwa Sikio la Kiswahili

Anayetaka kumfahamu Yehuda Halevi, tabibu, mshairi na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa Hispania katika robo ya mwisho ya karne ya 11, aanze na ushairi wake. Wasomaji wenzangu wa Dar es Salaam nawashauri waanze na shairi la moyo ulio mashariki, lenye mistari 3 tu.

Usilisome kimyakimya. Tafuta matini ya Kiebrania iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, uiweke kando ya tafsiri, kisha uighani ukitua katikati ya kila mstari. Tunachokiita ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, washairi wa Kiebrania walikiita mlango. Utao, nusu ya pili, wakauita kifungio. Kina cha "rav" hurudi mwishoni mwa kila mstari, ingawa mizani yao haihesabu silabi 16 kama yetu, bali hupanga silabi fupi na ndefu kwa kanuni iliyotoka kwa Waarabu. Kaa sana kwenye mstari wa mwisho: ukwapi huanza na "yekal", ni jepesi kwake kuacha mema yote ya Hispania, utao huanza na "yekar", ni la thamani kwake kuyaona mavumbi ya hekalu lililobomolewa. Herufi l na r zimebeba shairi zima, na ladha hiyo huipati bila kutamka. Wala usidhani mashariki yake ni bahari yetu ya Kivukoni. Mashariki yake ni Yerusalemu, na kutoka hapa Yerusalemu iko kaskazini.

Ndipo ufungue Kuzari, kitabu cha sehemu 5 alichokiandika kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama tenzi zetu za kale zilivyoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Sehemu ya kwanza isomwe polepole. Mfalme wa Wakhazari, taifa la kale la Kituruki, anaota malaika akimwambia kuwa nia yake inampendeza Mungu, lakini matendo yake hayampendezi. Anamwita mwanafalsafa, ambaye Mungu wake hashughuliki na mtu mmoja mmoja, kisha Mkristo, kisha Mwislamu, na mwisho mwanachuoni wa Kiyahudi. Huyu haanzi na Muumba wa mbingu na nchi. Anaanza na Mungu aliyewatoa babu zake Misri. Hoja ya Halevi imo humo: ushuhuda wa taifa zima lililoona kwa macho hutangulia mantiki ya mwanafalsafa.

Kitabu kinakwisha mwanachuoni akiaga kwenda Yerusalemu, na mwaka 1140 mwandishi mwenyewe akaondoka. Hadithi ya kuuawa kwake na mpanda farasi ni ya karne ya 16, iache kando. Soma badala yake barua za marafiki zake wafanyabiashara, zilizohifadhiwa katika sinagogi la Fustat, yaani Kairo ya kale, zinazomwonyesha Mei 1141 akiwa chomboni Aleksandria, akingoja upepo.