Somo: Thunderbird inayozidi kubisha hodi kwenye akaunti uliyokwisha kuifuta

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne, na mara mbili kati ya hizo muulizaji ni yule yule. Basi naliandika lote hapa. Kuanzia leo atakayenipigia simu nikiwa kwenye feri ya Likoni, kelele huku na upepo huku, nitamtumia somo hili na kukata.

Tatizo lenyewe mnalijua. Umefuta akaunti ya zamani, haipo tena upande wa kushoto, lakini ukiwasha Thunderbird, ile programu ya barua pepe, linazuka dirisha dogo likidai paswadi ya akaunti ile ile. Unalifunga, linarudi. Wengi wanalizoea kama nzi wa sokoni.

Msilizoee. Kuna ofisi moja ya uwakala wa forodha, upande wa Moi Avenue, yenye kompyuta 12 zinazotumia anwani moja ya IP, yaani mtandaoni zote zinaonekana kama mashine moja. Karani aliacha kazi, akaunti yake ikafungwa, lakini kompyuta yake iliachwa ikiwaka na ikaendelea kubisha kwa paswadi mfu kila baada ya dakika 10. Seva ya barua ikahesabu makosa, ikaona huyu ni mwizi, ikaifungia anwani ya ofisi nzima. Meli ishafunga gati Kilindini, hati ziko kwenye barua pepe, na kompyuta zote 12 hazipokei kitu. Asubuhi nzima watu walilaumu kampuni ya intaneti.

1. Usifute kitu. Soma dirisha, tazama saa.
Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anairuka. Dirisha linakutajia jina la seva. Likianza na imap au pop, ni upande wa kupokea. Likianza na smtp, ni upande wa kutuma. Kampuni nyingi hutumia jina moja, mail, kwa pande zote mbili, na hapo saa ndiyo itakayokwambia. Linazuka ukiwasha tu na kila dakika 10? Ni kisanduku cha kupokea. Kila nusu saa? Shuku kalenda au kitabu cha anwani. Linazuka pale tu unapotuma? Ni seva ya kutuma, au mahali zinapowekwa nakala za barua ulizotuma. (Dakika hizo ndizo programu inazokuja nazo, kama wewe mwenyewe ulizibadilisha, hesabu zako.)

2. Weka nakala.
Menyu ya "Help", kisha "Troubleshooting Information", kisha ufungue folda ya profaili, ndimo zinamokaa barua na mipangilio yako. Funga Thunderbird, nakili folda yote kwenye flashi.

3. Hakikisha akaunti imefutwa kweli.
"Account Settings", chini kushoto "Account Actions", "Remove Account". Kuna kisanduku cha kufuta na barua zenyewe. Kama akaunti ilikuwa ya POP, ile inayoteremsha barua na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, usikitie alama. Huenda barua hizo haziko popote pengine duniani ila kwenye diski hiyo.

4. Seva ya kutuma.
Iko chini kabisa ya orodha ile ile, "Outgoing Server". Kufuta akaunti hakuifuti hii, ndiyo maana inabaki kama kiatu cha mgeni mlangoni. Kabla hujaiondoa, angalia kama akaunti nyingine haiitumii kutuma.

5. Nakala za ulizotuma.
Ingia kila akaunti iliyobaki, sehemu ya "Copies & Folders". Mara nyingi mtu alielekeza barua zake za kutumwa ziwekwe kwenye folda ya akaunti ya zamani, akasahau. Akaunti imekufa, lakini kila akituma programu inakwenda kuitafuta. Hali kadhalika vichujio vinavyohamishia barua huko.

6. Kalenda na kitabu cha anwani.
Hivi vinaishi mbali na akaunti. Ukifuta barua pepe, kalenda ya mtandaoni inabaki na inaendelea kuulizia. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya jina lake, uiondoe. Na kitabu cha anwani fanya vivyo hivyo.

7. Paswadi zilizohifadhiwa.
"Settings", "Privacy & Security", "Saved Passwords". Ifute ya seva ile. Lakini jueni kwamba hatua hii peke yake haiponyi kitu. Anayeanza nayo hugeuza kosa lililokuwa likitokea kimyakimya kuwa dirisha linalomsumbua, halafu ananiambia nimemharibia.

8. Faili la prefs.js, kwa waliofika hapa na bado wanasumbuliwa.
Hapa ndipo nilipoungua, kwa hivyo nakwenda polepole. Ndani ya folda ya profaili mna faili hili. Ni maandishi matupu, Notepad inalifungua. Humo kila akaunti ina namba, kila seva ina namba, kila kitambulisho cha mtumaji kina namba, na namba hizo si lazima zilingane. Mimi niliona akaunti mfu ni account2, nikafuta kila mstari wenye server2 kwa raha zangu. Kumbe account2 ilikuwa ikielekeza server5, na server2 ni "Local Folders", folda za kwenye kompyuta yenyewe, ambamo mama mwenye kompyuta alikuwa ameweka barua za miaka sita. Nilipowasha, Thunderbird ikajitengenezea "Local Folders" mpya, tupu, nyeupe kama kanzu ya Idi. Barua hazikuwa zimefutika, zilikuwemo ndani ya folda ya Mail, ila programu haikujua tena pa kuzitafuta. Lakini mweleze hayo mtu anayetazama skrini tupu! Nilikaa pale hadi magharibi nikizirudisha moja moja, na pesa sikudai.

Kwa hivyo fanya hivi. Funga Thunderbird, na uhakikishe imefungika kweli kwa kutazama Task Manager, kwa sababu inapofunga ndipo inapoliandika faili hili upya, na kazi yako yote itafutwa. Nakili prefs.js kando. Tafuta jina la seva mfu, utaangukia mstari kama mail.server.server5.hostname. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Kwenye karatasi, si kichwani. Sasa tafuta mstari wa mail.account unaotaja server5, upate namba ya akaunti, na mstari wa karibu yake utakupa namba ya kitambulisho. Ondoa akaunti hiyo kwenye orodha ya mail.accountmanager.accounts ukichunga mikato isibaki miwili. Ikiwa ndiyo iliyotajwa kwenye defaultaccount, weka nyingine. Ndipo ufute mistari ya server5 na ya akaunti na kitambulisho chake.

Onyo la kwanza: ukitafuta server1 utapata pia server10, server11 na nduguze. Soma kabla ya kufuta.

Onyo la pili: tafuta neno deferred_to_account. Ikiwa akaunti hai inapeleka barua zake kwenye kisanduku cha akaunti mfu, umeikata ngazi ukiwa juu ya mnazi. Ielekeze kwingine kwanza, ukiwa ndani ya programu.

Mwisho wa somo. Maswali hapa chini, na tafadhali semeni toleo la programu na matokeo ya hatua ya 1.

MASWALI

Chapuchapu: Maalim ni ndefu sana sijasoma. Kwa ufupi nifanye nini?

*Jibu:* Hatua ya 1.

Chapuchapu: Lakini mimi nataka lisizuke tu.

*Jibu:* Zima kompyuta.

Binti wa Kisauni: Shukran kwa somo, Maalim. Mimi nimefika hatua ya 8, nimefuta mistari kama ulivyosema na Thunderbird ikiwa imefungwa. Nikiwasha, mistari imerudi. Nimerudia mara tatu. Nimetazama saa pia: ni kila dakika 10, na seva ni ya imap.

*Jibu:* Dada, hivi ndivyo swali linavyoulizwa. Tazama ndani ya folda ile ile kama mna faili jingine liitwalo user.js. Thunderbird haiji nalo. Likiwepo, kuna mtu aliliweka, na kazi yake ni kulazimisha mipangilio. Kila programu inapowaka husoma user.js na kuyafunika yaliyomo ndani ya prefs.js. Unaweza kufuta hadi kesho, litakurudishia. Mafundi wa ofisi hulitumia kuweka mipangilio sawa kwenye kompyuta nyingi kwa mkupuo. Kama halipo, kuna mshukiwa wa pili: je, folda ya profaili imewekwa mahali panapojisawazisha na mtandao, au kuna programu ya bakapu inayorudisha faili za jana?

Binti wa Kisauni: Lipo! Liliwekwa na aliyekuwa fundi wetu. Niliondoe lote?

*Jibu:* Usiliondoe kabla hujalisoma. Huenda mna mpangilio mnaouhitaji. Futa mistari ya seva mfu tu, halafu urudi kwenye prefs.js mara ya mwisho. Na kama kompyuta nyingine za ofisi ziliwekwa na fundi huyo huyo, zipitie zote kabla hazijaanza.

Mjuzi wa Bamburi: Mbona mnajitesa? Ondoa Thunderbird, weka upya, kwisha.

*Jibu:* Ndugu, umewahi kuifanya hiyo au umeisikia? Kuondoa programu hakuondoi profaili. Kwenye Windows iko ndani ya AppData, kando kabisa na programu. Utaweka upya, itaikuta profaili ya zamani, na jini wako atakuwa anakungoja mlangoni na chai.

Mjuzi wa Bamburi: Mimi iliwahi kunifanyia kazi.

*Jibu:* Basi ulifuta na profaili. Barua zako zilikuwa za IMAP, zikateremka tena kutoka kwenye seva. Aliye na POP akifuata ushauri wako atalia.

Babu Karani: Wanangu, mimi natumia Outlook, si hiyo ya ndege. Shida ni ile ile.

*Jibu:* Shikamoo babu. Somo ni la Thunderbird, lakini kwa Outlook ile ya zamani fungua Control Panel, utafute "Mail", uone profaili na akaunti zilizomo. Kisha ufungue "Credential Manager" ufute paswadi ya seva ile. Windows huziweka huko. Profaili ikiwa imechafuka sana, tengeneza mpya hapo hapo bila kuifuta ya zamani hadi uhakikishe barua ziko. Ukikwama, mwite mjukuu.

Nahodha: Swali la pembeni. Kampuni yetu ya zamani ilivunjika, kikoa chake (lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) hakikulipiwa tena. Kompyuta ya nyumbani bado inakibishia. Hapa hakuna seva ya kunifungia, basi kuna ubaya gani?

*Jibu:* Swali zuri sana, na ningefaa kuliweka juu. Kikoa kilichoachwa mtu yeyote anaweza kukinunua. Akikinunua akaweka seva ya barua kwa jina lile lile, kompyuta yako itambishia hodi na kumkabidhi paswadi yako bila yeye kuuliza. Usimbaji haukuokoi, kwa sababu yeye sasa ndiye mwenye kikoa na cheti halali atapewa. Kama paswadi hiyo uliitumia mahali pengine, ibadilishe huko leo, kisha ufanye hatua zote.

Nahodha: Astaghfirullah. Niliitumia kila mahali.

*Jibu:* Hauko peke yako.

Mama Duka: Yangu inadai paswadi ya Gmail na sikufuta akaunti. Naandika sahihi, inakataa.

*Jibu:* Hilo ni tatizo jingine, dada. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali paswadi ya kawaida kutoka kwa programu za namna hii. Kwenye mipangilio ya seva badilisha njia ya uthibitisho iwe OAuth2, pande zote mbili, kupokea na kutuma. Itakufungulia ukurasa wa Google uingie humo. Akaunti za Outlook.com nazo zilifuata njia hiyo Septemba 2024, kabla hamjaniuliza.

Chapuchapu: Nimesoma hatua ya 1. Linazuka kila nusu saa.

*Jibu:* Hatua ya 6.

Chapuchapu: Ilikuwa kalenda ya shule ya watoto ya mwaka juzi. Samahani Maalim.

*Jibu:* Haya. Uzuri umesoma.

Kijana wa Mtongwe: Hatua ya 2 imenishinda. Flashi yangu ina nafasi ya GB 20 na folda ni GB 9, lakini inaniambia faili la Inbox ni kubwa mno.

*Jibu:* Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalofika GB 4 hata kama nafasi iliyobaki ni tele. Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ya barua ndani ya faili moja, ndiyo maana Inbox yako imenenepa hivyo. Toa vilivyomo kwenye flashi, uifomati upya kwa exFAT. Kabla ya hapo bofya Inbox kwa kitufe cha kulia, chagua "Compact". Barua ulizofuta hubaki ndani ya faili hadi ufanye hivyo. Ila usifanye stima ikiwa inacheza. Kama huna UPS, ile betri ya akiba, tumia laptopu yenye chaji.

Kijana wa Mtongwe: Baada ya "Compact" Inbox imekuwa GB 1.3. Imeingia bila hata kufomati.

*Jibu:* Fomati hata hivyo, siku ukipata nafasi.