Kumkimbiza panya wa maabara Zanzibar: jinsi ya kupata athari ya mazoezi, si ya joto wala ya hofu

Panya mweupe wa maabara akikimbizwa kwa utaratibu kwa wiki nane, mwili wake hubadilika kwa namna inayopimika. Misuli ya miguu huongeza mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), moyo hupiga polepole zaidi anapokuwa ametulia, sukari huingia kwenye misuli kwa insulini kidogo kuliko zamani, na huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuishiwa nguvu. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alichapisha matokeo ya panya waliokimbizwa siku 5 kwa wiki kwa wiki 12, wakapandishwa taratibu hadi dakika 120 kwa siku kwa mwendo wa mita 31 kwa dakika. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni ulikaribia mara mbili ya ule wa panya waliokaa tu.

Tatizo ni kwamba joto, woga, njaa na kukatizwa usingizi navyo humbadilisha panya, na mara nyingi huonekana kwenye vipimo vile vile. Kazi kubwa ya jaribio hili kwa hiyo si kumkimbiza panya. Hilo mashine inafanya. Kazi ni kuyazuia hayo mengine yasiingie.

Chumba kwanza

Panya hatoki jasho. Hujipoza kwa kupeleka damu kwenye mkia na kwa kujipaka mate manyoyani, na njia zote mbili hudhoofika hewa ikiwa ya moto na imejaa unyevu. Joto lake la ndani akiwa ametulia ni karibu nyuzi 37.5. Akikimbia kwenye chumba cha nyuzi 22 litapanda na kutulia. Mkimbize huyo huyo mwezi wa Februari, kaskazi imekaza na chumba kiko nyuzi 31, ataacha kukimbia kwa sababu amechemka, huku misuli yake bado ina nguvu. Utaandika kwamba uwezo wake ni mdogo, kumbe umepima kiyoyozi chako.

Weka chumba kati ya nyuzi 20 na 24, unyevu asilimia 40 hadi 70. Kipimajoto usikitundike ukutani. Kiweke ndani ya njia (kichochoro anamokimbilia panya) ya mashine ya kukimbilia, kwenye usawa wa mkanda unaozunguka, kwa sababu mota inatoa joto na mfuniko wa plastiki unalizuia lisitoke. Feni ndogo inayopuliza kutoka mbele inasaidia sana, ila iwake hivyo hivyo kwa makundi yote. Ukiwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kizuri ni chembamba na laini, mpime panya mara tu anapotoka kwenye mkanda. Akivuka nyuzi 40, zoezi la siku hiyo limekwisha kwake.

Umeme ndio mtihani mwingine. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya hitilafu ya waya wa chini ya bahari, na hata sasa ambapo hali ni nafuu, huwezi kupanga jaribio la wiki nane ukajidai umeme hautakatika. Jenereta ibebe kiyoyozi, taa na taima. Mashine ya kukimbilia inaweza kusubiri. Umeme ukikatika wakati panya wako juu ya mkanda, chomoa plagi kabla ya kitu kingine chochote. Kuna mashine ambazo umeme ukirudi huanza na mwendo ule ule uliokuwapo, na panya aliyekaa kupumzika hutupwa nyuma, mkia ukaingia kwenye uwazi kati ya mkanda na ukuta.

Umeme unaopanda na kushuka nao hubadilisha mwendo, hata ukiwa na stabilaiza. Namba ya kwenye kioo usiiamini. Bandika kipande cha tepu ya rangi kwenye mkanda, pima urefu wa mzunguko mzima, kisha hesabu mizunguko kwa dakika moja panya wakiwa juu yake. Mkanda wa mita 1.6 ukizunguka mara 10 kwa dakika ni mita 16 kwa dakika, kioo kiseme kitakavyo. Fanya hivyo kila Jumatatu.

Saa za panya

Panya ni mnyama wa usiku. Ukimkimbiza saa nne asubuhi kwenye mwanga wa kawaida, unamwamsha usingizini kila siku, na hilo linaweza kuvuruga usawa wa homoni zake. Njia rahisi ni kugeuza mchana wake: taa zizimike saa moja asubuhi ziwake saa moja usiku, ufanye kazi kwa taa nyekundu hafifu, ambayo panya haioni vizuri. Mpe wiki mbili azoee kabla hujaanza. Madirisha ya luva yanavujisha mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Ziba kwa plastiki nyeusi, halafu pazia.

Kwenye taima, saa moja asubuhi ni 07:00. Linaonekana dogo, lakini fundi akiambiwa tu "weka saa moja" akaiweka 01:00, hakuna atakayegundua mpaka panya waanze kukimbia ovyo. Bandika karatasi yenye saa zote mbili pembeni ya taima. Mwezi wa Ramadhani watu wengi wangependa kusogeza kazi iwe baada ya tarawehe. Badilisha zamu za watu, usibadilishe saa za panya katikati ya jaribio.

Matandiko na maji

Maranda ya kwa seremala ni rahisi kupatikana, lakini uliza ni ya mbao gani na kama zilipakwa dawa ya mchwa. Maranda ya msonobari na mbao nyingine zenye harufu kali huamsha vimeng'enya vya ini, hilo likavuruga kila kipimo cha dawa au cha kemia ya damu. Chukua ya mbao isiyo na harufu wala dawa, yaanike, yapitishe kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke). Maji ya kisima karibu na pwani mara nyingi yana chumvi. Kama unapima shinikizo la damu, tumia maji yaliyochujwa, na yawe hayo hayo mwanzo hadi mwisho.

Mashine, gurudumu au maji?

Mashine ya mkanda inakupa mwendo na muda kamili, ila panya analazimishwa. Gurudumu la kwenye kizimba halimlazimishi, anakimbia anapotaka, na ndilo lenye hofu kidogo kuliko yote. Ubaya wake ni kwamba mmoja atakimbia kilomita kadhaa kwa usiku na mwenzake ataligeuza kitanda. Kwa gurudumu, si lazima ununue kihesabio cha gharama. Mita ya baiskeli ya kidijiti, ile yenye sumaku, inafanya kazi. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 35 lina mzingo wa mita 1.10, kwa hiyo ingiza milimita 1,100 badala ya saizi ya tairi. Soma kila siku saa ile ile.

Kuogelesha kunapendwa kwa sababu pipa ni rahisi. Maji ya bombani kwetu yako chini ya joto linalohitajika. Yapashe yafike nyuzi 32 hadi 35, kwani ya baridi humfanya panya apigane na baridi badala ya kufanya mazoezi. Kina kisipungue sentimita 50, la sivyo atajisukuma kwa mkia kutoka chini. Wasiogeleshwe kwa kundi, wanapandana. Hata ukitimiza yote hayo, panya anayeogelea huzama na kubana pumzi mara kwa mara, na moyo wake hupungua mapigo kwa sababu hiyo. Kwa utafiti wa moyo tungeshauri mkanda.

Kuzoesha na kuchagua

Anza na madume wa wiki 8 wenye gramu 200 hadi 250, waliokwisha kaa chumbani kwako wiki mbili na kushikwa mkononi kila siku. Wiki ya kuzoesha iende hivi: siku ya kwanza waache dakika 10 juu ya mkanda uliosimama. Ya pili, mita 5 kwa dakika kwa dakika 5. Ya tatu, mita 8 kwa dakika 10. Ya nne, mita 10 kwa dakika 10, na ya tano mwendo huo huo kwa dakika 15. Kila siku mpe kila panya alama, 1 kwa anayekataa kabisa mpaka 5 kwa anayekaa mbele muda wote.

Wanaobaki na alama 1 au 2 watoe, na uwatoe kabla hujagawa makundi. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika kimyakimya. Ukigawa kwanza, kisha ukawaondoa wavivu kwenye kundi la mazoezi peke yake, umebaki na wakimbiaji wa kuzaliwa upande mmoja na mchanganyiko upande wa pili. Tofauti utakayoiona ilikuwapo kabla ya mashine kuwashwa.

Wavu wa umeme ulio nyuma ya mkanda uzime. Brashi laini ya nailoni inatosha kumsukuma nyuma. Panya anayepigwa shoti kila dakika hutoa kortikosteroni nyingi (homoni ya msongo), tezi zake za adrenali huvimba, tezi ya kinga iitwayo thaimasi husinyaa, nawe utaita hayo athari za mazoezi.

Programu

Baada ya mapumziko ya siku mbili pima mwendo wa juu wa kila mmoja: anza mita 10 kwa dakika, ongeza 3 kila baada ya dakika 3. Mwisho ni pale anapokaa nyuma mara ya tatu ndani ya dakika moja licha ya brashi. Aliyeishia mita 28 atafanya mazoezi kwa asilimia 60, yaani karibu mita 17. Kwa kuwa njia zote hutumia mkanda mmoja, panga pamoja wenye uwezo unaokaribiana.

Wiki ya kwanza dakika 20 kwa siku, siku 5. Ongeza dakika 10 kila wiki hadi kufika 60 wiki ya tano, ubaki hapo hadi ya nane. Dakika 5 za mwanzo ziwe mita 10. Mwisho wa wiki ya nne rudia kipimo cha mwendo wa juu na upange upya. Usipofanya hivyo, mzigo uliokuwa asilimia 60 utakuwa umeshuka bila wewe kujua, kwa kuwa panya ameimarika.

Kundi la kulinganishia lisiachwe vizimbani. Nao wabebwe, waingizwe kwenye mashine, wakae juu ya mkanda uliosimama huku mota ikiunguruma. Futa mkanda kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya kundi na kundi, usubiri ikauke.

Angalia kucha na nyayo kila siku, pima uzito mara mbili kwa wiki. Ukiona wekundu kuzunguka macho na pua, usishtuke kwamba ni damu: ni rangi iitwayo porifirini inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya jicho, na kwa kawaida maana yake panya amezidiwa na msongo au anaumwa. Mpumzishe. Aliyepoteza asilimia 10 ya uzito naye apumzike, daktari wa mifugo amwone. Mpango mzima, pamoja na idadi ya wanyama na namna ya kuwaua bila maumivu, uwe umepitishwa na kamati ya maadili kabla ya panya wa kwanza kuingia.

Kupima

Subiri saa 48 baada ya zoezi la mwisho. Mbio za mara moja tu huongeza uwezo wa misuli kuchukua sukari kwa siku moja au mbili. Ukipima kesho yake, hujui unaona wiki nane au jana.

Mapigo ya moyo ya panya aliyetulia ni kama 300 hadi 450 kwa dakika. Ukiyapima ukiwa umemkamata mkononi unapima woga. Kwa kipimo cha shinikizo la mkiani, mzoeshe kile kifaa wiki nzima kabla.

Moyo ndio wenye mtego. Madume wanaokimbizwa hula kidogo, hivyo hubaki wepesi. Chukua moyo wa gramu 1.10 kwa panya wa gramu 400: uwiano ni miligramu 2.75 kwa gramu. Moyo wa uzito ule ule kwa mkimbiaji wa gramu 360 unakupa 3.06, ongezeko la asilimia 11 wakati moyo haujakua hata chembe. Gawanya kwa urefu wa mfupa wa muundi, ambao haubadiliki kwa kukonda. Kamua damu yote, futa unyevu wa nje kwa karatasi ya kuchujia, tenga ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini), pima haraka kabla haijakauka.

Kwa misuli ya mguu wa nyuma, soleasi (msuli mdogo wa ndani ya shavu la mguu) ni nyekundu karibu yote na kwa panya aliyekaa tu tayari inafanya kazi ya kumsimamisha. Gastroknemiasi, msuli mkubwa wa shavu la mguu, ina sehemu nyekundu na nyeupe. Zitenganishe, usisage zote pamoja. Kimeng'enya cha sitreti sinthasi, kilichomo ndani ya mitokondria, ndicho kinachotumika zaidi kuthibitisha kwamba mazoezi yameshika. Kisipopanda, angalia kwanza mwendo wa mkanda na daftari la alama kabla ya kuilaumu kemikali.

Gandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, ile inayohifadhia mbegu za ng'ombe, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila sampuli igawe mara mbili, nusu ikae kwenye friza nyingine iliyo kwenye jengo lingine, na daftari la mahali zilipo lisikae ndani ya kompyuta peke yake.