Farasi anakugomea ukimzungusha bila kamba? Angalia umesimama wapi

Hapa Uganda farasi si wengi, mtu anaweza kukaa miaka bila kumwona hata mmoja, kwa hiyo sisi tunaofanya kazi ya usaisi wengi tumejifunza kwa kumtazama aliyetutangulia, na huyo naye somo lake lilikuwa moja tu, akigoma mchape. Mimi nimechapa sana. Nilichopata ni farasi anayekimbia mjeledi badala ya kunisikiliza, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kabla hujamfungulia mpapase kwanza. Mgongo, miguu, kwato zote nne (kajiwe kadogo tu kanatosha kuharibu siku), halafu masikio. Kulikuwa na jike mmoja alinisumbua siku tatu, kila nikimgeuza aende kulia anatikisa kichwa anasimama, nikasema huyu ana kiburi, kumbe ndani ya sikio kupe wamejazana kama mtama. Na ukiona amelegea tu, ufizi umekuwa mweupe, joto limepita 38.5, hiyo siyo ukaidi bana, mbung'o wapo na nagana, ugonjwa wanaoueneza, ipo, mwite daktari wa mifugo mazoezi yasubiri.

Uwanja wa duara wa mita 18 au 20 unatosha, sisi wetu tumezungushia nguzo za mikaratusi, juu kuliko kifua chake maana ukuta mfupi ni mwaliko wa kuruka. Mvua ikinyesha kwenye marramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, usimkimbize, pale hata wewe mwenyewe unateleza.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Chukua bega lake kama mpaka. Ukiwa nyuma ya bega, usawa wa tako, unamwambia nenda, ukivuka ukawa mbele ya bega umemfungia mlango. Tatizo letu tunazunguka huku tunasogea mbele kidogo kidogo bila kujua, mkono unasema nenda na mwili unasema simama, yeye anachanganyikiwa, anasimama, tunamchapa. Farasi macho yake yako pembeni anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, kwa hiyo hatua yako moja tu ameshaiona. Akisimama rudi nyuma ya bega, inua mjeledi chini chini upande wa miguu ya nyuma bila kumgusa, na AKITOA HATUA MOJA tu shusha mkono hapo hapo. Ile kushusha ndiyo malipo yake, ukichelewa kidogo hajui amelipwa kwa lipi.

Akitoka mbio za wazimu wewe usimfukuze. Mara nyingi ni hofu tu, boda imepiga honi nje au kaloli, yule korongo mkubwa, ametua juu ya nguzo na yale mabawa yake, hata mimi huwa nashtuka. Shusha mjeledi, pumua, usimkazie macho, sogea taratibu kuelekea mbele ya bega lake, atapunguza mpaka arudi kwenye matiti (ndiyo, matiti, ndilo jina la mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia, acheni kucheka).

Wa kung'ang'ania getini dawa yake rahisi, pale getini mfanyishe kazi, upande wa pili mwache apumzike. Siku mbili tatu anahama mwenyewe.

Anayekugeuzia tako huyo usimchukulie mzaha. Usimfuate kwa nyuma moja kwa moja, kaa mbali mita nne tano, zunguka pembeni mpaka akuone kwa jicho moja halafu ndiyo umwombe asogee. Akilaza masikio nyuma kabisa na kuja kwako, jifanye mkubwa, tikisa mjeledi mbele ya bega lake, na kama haendi toka nje. Kutoka siyo kushindwa, teke la farasi linavunja mfupa.

Utajua ameanza kukubali pale sikio la upande wako linapobaki linakuelekea, kichwa kinashuka, analamba midomo kama anatafuna hewa. Wengine wanasema hapo ameelewa, mimi naona ni wasiwasi tu umemshuka, ila kwa vyovyote ndiyo wakati wa kumwacha apumue. Mimi sizidishi dakika 20, na nafanya asubuhi kabla jua halijawa kali. Badilisha upande mara kwa mara, kisha malizia akiwa anatembea vizuri hata kama ni mzunguko mmoja tu. Mtembeze mpaka pumzi itulie, farasi aliyepumzika anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, weka mkono ubavuni uhesabu.

Yule jike wa kupe siku hizi anageuka kulia vizuri tu, ila nikinyoosha mkono kuelekea sikio bado ananitazama vibaya.