Shada la zabibu ndani ya taya: somo kwa matabibu wa meno

Mwezi uliopita, hapa Dodoma, nilimpokea mzee mkulima wa zabibu kutoka Mpunguzi. Chini ya jino la chonge, taya la chini, alikuwa na kinundu kama punje ya harage, hakiumi. Alikopita kwanza walitaka kung'oa jino.

Hatua ya kwanza: weka koleo chini, shika barafu. Kausha jino, ligusishe kipande cha barafu, kisha gusa na majirani zake. Mzee alishtuka kote. Jino likiwa hai, usilibebeshe lawama. Uvimbe wa kawaida wa ncha ya mzizi hutokana na jino lililokufa.

Pili, eksirei. Kivuli cheusi chenye ukingo mweupe, kati ya chonge na gego dogo, tena kimegawanyika vyumba vyumba. Mwaka 1973 wataalamu wa magonjwa ya kinywa, Weathers na Waldron, waliueleza uvimbe huu wakauita botrioidi, kutoka neno la Kigiriki la shada la zabibu. Nilipomwambia mzee, alicheka mpaka akashika shavu.

Tatu, vuta kwa sindano nene kabla ya kupasua. Ikija damu tupu, simama, toa rufaa. Ukitoka uji mweupe mzito, fikiria keratosisti, sisti (kifuko cha uvimbe) ya aina nyingine ndani ya taya.

Nne, na hapa ndipo wengi tunaharibu: toa uvimbe wote, weka wote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili) ya asilimia 10, peleka wote maabara. Botrioidi ina utando mwembamba, seli tabaka moja hadi tatu hivi, wenye mafundo hapa na pale na seli angavu. Zikionekana seli za kamasi na vijishimo, huenda ni sisti ya tezi, uvimbe mwingine wa taya, ambayo kwenye kipande kidogo hufanana na saratani ya tezi za mate. Kipande hudanganya.

MASWALI kutoka kwa matabibu wa wilayani

Kondoa: Shikamoo daktari. Nina eksirei ndogo tu, inatosha?
— Marahaba. Kwa kuanzia, ndiyo. Usipoona ukingo wote, mpe rufaa. Ukingo haukisiwi.

Mpwapwa: Meno ya jirani tuyang'oe?
— Yamekosa nini? Yako hai.

Kongwa: Dokta, baada ya upasuaji arudi lini?
— Mimi huita kila mwaka, kwa miaka mingi. Botrioidi hurudi zaidi kuliko sisti kama hii yenye chumba kimoja, kwa sababu vichumba vidogo hubaki mfupani. Mzee wangu kaniambia nisimpangie msimu wa mavuno.