Mnaochanga hela Dar kusaidia wakulima kijijini, anzeni na ardhi na mizani

Hapa Dar karibu kila mtu yuko kwenye kikundi, cha watu wa kwao, cha kanisani au msikitini, cha kazini, na ikifika mwisho wa mwaka lazima mmoja aseme jamani tukawasaidie wakulima kule, basi hela inachangwa, inanunuliwa pampu au pawatila, picha zinapigwa, mwaka unaofuata pawatila iko chini ya mwembe imekosa spea. Nia ni nzuri kabisa. Ila kabla hamjanunua chochote hakikisheni mambo mawili, shamba analolima yule mkulima ni lake kwa karatasi, na anachouza kinapimwa kwa kilo. Haya mawili yakikosekana hata mkimpelekea trekta faida inaliwa na mwingine.

Kwanza nendeni mkasikilize, msipange mradi mkiwa Sinza. Mkifika mnajitambulisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, mnaomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa watu wazima wote na sio kikao cha wajumbe peke yake. Pale angalieni nani hayupo. Mara nyingi ni wafugaji, wajane, na zile jamii ndogo ambazo wenyeji wengine wanaziona kama watu wa porini tu, wawindaji kama Wahadzabe na Waakie, au wafugaji kama Wabarbaig. Hao wafuateni walipo, mtafute mkalimani wa kwao wenyewe, na wanawake muongee nao pembeni bila waume zao. Halafu msiende msimu wa kupalilia, mtu ameacha shamba anakusikiliza wewe, roho yake iko kwenye magugu.

Sasa ardhi, na hapa msiwe na haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya haki miliki ya kimila, na inasema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Ulizeni kwanza kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, maana bila hivyo mtazungushwa. Vikiwepo, mwombaji anajaza fomu, halmashauri ya kijiji inajadili, watu wanaenda shambani kuhakiki mipaka na majirani wakiwepo, kisha hati inasainiwa kijijini na kusajiliwa kwa afisa ardhi wa wilaya. Siku ya mipaka ndio siku yenyewe. Jirani anasimama kwenye ule mti anasema hapana, mpaka ni kwenye kichuguu kile, mzee mmoja anaitwa, wanabishana mpaka wanaelewana, na nyie kaeni kimya kabisa, sio shamba lenu. Na kwenye fomu msisitize jina la mke liingie pamoja na la mume, mume akifa ndio mtaona umuhimu wake.

Kwa jamii zinazotumia ardhi kwa pamoja, hati ya mtu mmoja mmoja inaweza hata kuwaumiza, inakata vipande eneo ambalo wao wanawinda au kuchunga wote. Wao waombe hati ya kimila ya kundi. Inawezekana, Wahadzabe wa bonde la Yaeda kule Mbulu waliipata mwaka 2011 wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na Edward Loure wa shirika hilo akapewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja. Kwa hiyo mtu akiwaambia watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi hawana cha kumilikishwa, mtajieni Yaeda.

Mizani. Nendeni soko lolote la hapa mjini lori la viazi likishusha, mtaona gunia limejaa mpaka mdomoni halafu juu limeshonewa kipande kingine kama kilemba. Hiyo ndio lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, kilemba kinaondoka bure, na sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Hela ya pampu ingetosha kununulia kikundi mizani nzuri, mkaipeleke kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe, mkawaunganisha wakulima wauze pamoja kwenye ghala moja, maana mmoja mmoja dalali atawapita tu aende kwa mwenye shida ya ada ya mtoto.

Kuhusu hela, msitunze nyie huku Dar. Waanzishe kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa wa nne, hesabu isomwe kwa sauti kila kikao ili asiyejua kusoma naye aishike kichwani. Kikundi hicho kisajilini halmashauri ya wilaya. Na waunganisheni na MVIWATA, mtandao wa wakulima wenyewe uliopo tangu 1993, wanasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe na mimi nakubaliana nao kabisa.

Kwenye bajeti yenu msisahau nauli ya wanakijiji kwenda wilayani. Hati nyingi zinakwama hapo tu, faili liko mezani kwa afisa na mwenye shamba hana hela ya basi ya kulifuatilia.